Jina la kikoa nalo likae eda

Kwanza niwaombe radhi kwa kimya kirefu. Sikuwa mgonjwa, wala sijahamia Canada kama mmoja wenu alivyodai. Nilikuwa na aibu, na hiyo aibu ndiyo habari ya leo. Chukueni chai, ni ndefu kidogo.

Wasomaji wa zamani mnaijua kamusi ya maneno ya tarakilishi tuliyoianza mwaka 2017 tukiwa chuoni. Tulikuwa chama kidogo cha wanafunzi wa sayansi ya kompyuta, watu kumi na wawili wenye muda mwingi na bando kidogo. Kila Ijumaa jioni tulikaa maabara tukibishana kama kile kidude cha mkononi ni kipanya au puku, kama tuseme kipakatalishi au tarakilishi mpakato, na kama kuna binadamu yeyote mwenye akili timamu anayesema baobonye. Maneno yakafika 1,300 hivi. Wahadhiri wakaanza kuweka kiungo cha kamusi kwenye kurasa za vyuo vyao, walimu wa sekondari wakaichapisha na kuibandika ukutani. Sisi wenyewe tukamaliza shule, tukatawanyika kutafuta riziki, kamusi ikabaki inaenda kama saa ya ukutani ambayo hakuna anayekumbuka ni nani aliyeitia betri.

Kamusi ilikuwa na jina lake la kikoa, au domeini kama tunavyosema mtaani, la .com. Tarehe 29 Aprili 2025 jina hilo liliisha muda. Julai likawa la mtu mwingine. Katikati hapo tulipata nafasi ya kulikomboa, na ni mimi niliyeshawishi wenzangu tuiache. Jina lenyewe silitaji, na mkisoma mtajua kwa nini.

Liliishaje? Kwa njia ya kawaida kabisa. Mwaka 2017 ni mwenzetu mmoja tu katika sisi kumi na wawili aliyekuwa na kadi ya benki inayokubali malipo ya ng'ambo, kwa hivyo yeye ndiye aliyelisajili, kwa akaunti yake. Kwenye nafasi ya barua pepe ya mawasiliano tukajaza anwani ya mwenyekiti wa chama, ambayo ilikuwa kwenye kikoa hicho hicho. Tuliona tumefanya jambo la kitaalamu sana. Kadi ikawa inakatwa kila mwaka bila mtu kujua. Kisha mwenzetu akaenda Doha kikazi, kadi ya zamani ikaisha muda, malipo yakagoma. Msajili alitimiza wajibu wake: sera ya ICANN iliyoanza kutumika Agosti 2013 inamtaka atume ilani kama mwezi mmoja kabla, nyingine kama wiki moja kabla, na nyingine ndani ya siku 5 baada ya muda kwisha. Zote zilitumwa. Zilikwenda kwenye sanduku la mwenyekiti ambalo halijafunguliwa tangu 2022, na jina lilipozimwa, hata sanduku lenyewe likazimika nalo. Ni kama kumwekea mtu barua ya kufukuzwa nyumba ndani ya nyumba ambayo kufuli yake imeshabadilishwa.

Niligundua tarehe 20 Mei, nilipotaka kumwonyesha kijana mmoja kazini neno fulani nikakuta ukurasa wa matangazo ya viatu.

Sasa hapa inabidi nieleze namna jina linavyokufa, maana wengi hudhani ni kama taa: umelipa inawaka, hujalipa inazimika. Sivyo. Jina la kikoa halinunuliwi, hukodishwa, na kwa .com huwezi kukodi kwa zaidi ya miaka 10 mbele. Siku ya mwisho ikipita, rejesta ya .com, ambayo huendeshwa na Verisign, humpa msajili hadi siku 45 za kuamua. Ndani ya siku hizo mwenye jina huweza kulipa ada yake ya kila mwaka na mambo yakaisha, lakini ni siku ngapi atapewa ni hiari ya msajili. Na hapo hapo ndipo wasajili wengi wakubwa hulipeleka jina mnadani. Likipata mnunuzi linahamishiwa kwake moja kwa moja, halifutwi kamwe. Wewe uliyekaa nje ukingoja lidondoke utangoja mpaka kiama. Lisipopata mnunuzi, au msajili akiwa si wa minada, linaingia siku 30 za ukombozi, ambamo mwenyewe tu ndiye anayeweza kulirudisha, na kwa ada kubwa. Hizo zikiisha kuna siku 5 za kusubiri kufutwa, ambapo hakuna wa kuligusa, hata mwenyewe. Halafu linafutwa, na mtu yeyote duniani anaweza kulisajili sekunde hiyo hiyo.

Letu lilipita njia hii ya pili. Tarehe 8 Juni likaingia ukombozini.

Kumtafuta mwenzetu wa Doha kulituchukua muda. Nambari yake ya Kenya ilikuwa imepewa mama mmoja wa Kitale, mpole sana, aliyeniambia mimi si wa kwanza kumwulizia. Tulimpata kupitia binamu yake tarehe 28 Juni. Akaingia kwenye akaunti, akatupa hesabu: ada ya ukombozi pamoja na mwaka mmoja, dola 118. Kama shilingi 15,200.

Tukafufua kundi letu la WhatsApp. Watu walikuwa tayari kuchanga. Mmoja, mwalimu sasa, alishatuma sh. 2,000 kabla hata hatujakubaliana. Ndipo nikaandika ujumbe ambao bado ninao, na ambao nikiusoma masikio hunipata moto. Nilisema: tulieni. Jina ni la Kiswahili, refu, lina neno moja ambalo nusu ya Wakenya wenyewe hawalijui. Nani huko ng'ambo atalitaka? Tuliache lifutwe, nitalidaka siku hiyo hiyo kwa dola 11. Mimi ndiye mtaalamu wa kundi. Wakaniamini. Mwalimu akarudishiwa hela zake, na mimi nikaweka emoji ya kucheka.

Niliandika skripti ndogo ya Python. Sehemu ya kwanza ilikuwa inauliza hali ya jina kila dakika kupitia RDAP, mfumo uliochukua nafasi ya WHOIS (tangu tarehe 28 Januari 2025 wasajili wa .com na wenzake hawalazimiki tena kutoa huduma ya WHOIS). Sehemu ya pili ilikuwa inatuma ombi la kusajili kwa msajili wangu mara tu jina linapoonekana huru. Niliijaribu kwa majina mengine mawili ya upuuzi ikafanya kazi. Nilijisifu sana, hata nikaanza kuandika makala ya kuwafundisha nyinyi namna ya kufanya hivyo. Rasimu yake ilikuwa na kichwa cha majivuno ambacho nimekifuta.

Verisign hufuta majina ya .com kila siku kwa mfululizo, kuanzia saa nane mchana kwa saa za mashariki ya Marekani. Kwetu, mwezi wa Julai, hiyo ni saa tatu usiku. Jumapili tarehe 13 Julai nilikaa mezani tangu saa mbili na nusu, umeme upo, mtandao upo, jenereta ya jirani imelala, ishara zote njema. Ilipofika saa tatu na dakika kadhaa skripti ikaandika mstari mmoja tu: jina limesajiliwa. Si na mimi. Haikuwahi hata kuliona likiwa huru. Niliporudi kuangalia rekodi, ile saa ya kufutwa na saa ya kusajiliwa upya zilikuwa ndani ya sekunde moja.

Nilikuwa najua kwamba kuna wadakaji. Nisichojua ni ukubwa wa nyavu zao. Kila msajili aliyeidhinishwa na ICANN hupewa na rejesta mlango wake wa kutuma maombi, na wote hupewa upana sawa. Hiyo ni haki, si ndiyo? Basi anayetaka kudaka majina hujisajili mara nyingi. Anaunda kampuni mia mbili, mia tano, kila moja na cheti chake, kila moja ikilipa ICANN dola 4,000 kwa mwaka, na zote zinagonga mlango kwa pamoja sekunde ile jina linapofutwa. Mwaka 2016 kampuni moja ya kudaka ilikuwa na vyeti zaidi ya 1,000. Mimi nilikuwa napitia kwa msajili mmoja, ambaye naye ana wateja wengine, kwa simu ya intaneti ya nyumbani, kutoka ng'ambo ya bahari. Ningekuwa nimekwenda kuvua kwa mkono mbele ya meli ya Wachina ningepata samaki wengi zaidi.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka kusema kwa wanaonitumia barua wakiuliza "nitapataje jina fulani likiisha?" ni hili: kama ni lako na limo katika siku 45 za mwanzo au zile 30 za ukombozi, lipa. Lipa leo. Ada ya ukombozi ni ya kinyang'anyi, naungana nanyi kulaani, maana mwezi Septemba 2024 bei ya jumla ya .com kwa mwaka mzima ilipandishwa hadi dola 10.26 na watu wakapiga kelele, na hapa unadaiwa mara kumi kwa kubonyeza kitufe. Lipa hata hivyo, halafu ulaani ukiwa na jina lako mfukoni. Na kama si lako na unalitaka kweli, waambie wadakaji wenyewe mapema wakudakie. Wengi hawalipishi wakishindwa. Ukipata mpinzani itakuwa mnada, ndiyo, lakini angalau utakuwa ndani ya ukumbi.

Lakini hilo ni la pesa. La pili ndilo lililonitoa usingizi.

Nilijiuliza, ni nani aliyelitaka jina letu hata akamlipa mdakaji? Nilidhani labda Mtanzania mwenye shule, au mwanaisimu wa Ujerumani. Wiki mbili baadaye tovuti ikarudi hewani. Nilipoifungua nilifurahi kwa sekunde kama tatu, kwa sababu ilikuwa kamusi yetu. Maneno yetu, mpangilio wetu, hata makosa yetu ya chapa. Neno "kisakuzi" tuliloliandika mara mbili lilikuwa bado mara mbili. Walikuwa wameikwangua kutoka kwenye kumbukumbu za Internet Archive. Kisha nikaona kwamba ndani ya maelezo ya maneno kuna viungo vipya. Kipakatalishi: kasino. Nywila: kasino. Kwenye "hifadhidata" waliweka sentensi nzima ya kusifu mchezo wa karata mtandaoni, kwa Kiswahili cha mashine.

Jina la Kiswahili, refu, lisilojulikana, kumbe halikuwa na uzito wowote katika hesabu yao. Walichokitaka ni vile viungo kumi na moja kutoka kwenye kurasa za vyuo vikuu. Mtambo wa kutafuta huona chuo kimeielekeza kamusi, ukaiamini kamusi, na kamusi ikielekeza kasino, imani kidogo inamwagikia kasino. Miaka minane ya Ijumaa zetu iliuzwa kwa kilo. Google wanaujua mchezo huu vizuri; Machi 2024 waliuingiza rasmi katika sera zao za kupambana na taka, kwamba kununua kikoa kilichokwisha muda ili kutumia sifa yake ya zamani ni kosa. Sawa. Lakini Google akimwadhibu mwenye kasino, anachofanya ni kulizika jina letu lisionekane. Mwenye kasino ananunua lingine.

Sasa tuje kwenye barua pepe, na hapa naomba hata msiopenda mambo ya kiufundi mkae.

Anayeshika kikoa anashika na barua zote za kikoa hicho. Hahitaji nywila ya mtu. Anafungua seva ya barua, anaiambia ipokee chochote kinachokuja, basi. Kisha anakwenda kwenye tovuti yoyote na kubonyeza "nimesahau nywila yangu". Sisi tulikuwa tumechapisha maktaba ndogo ya Python ya kupatanisha ngeli, na akaunti iliyoichapisha ilikuwa na barua pepe ya mwenyekiti. Siku mbili kabla ya jina kufutwa, nikiwa naoga, nikakumbuka. Nilitoka na povu. Mwezi Mei 2022 ndivyo maktaba iitwayo ctx ilivyotekwa: kikoa cha barua pepe ya mwenye maktaba kilikuwa kimeisha muda, mtu akakisajili upya, akajitumia nywila mpya, akapandisha toleo lililokuwa likichota siri kutoka kwenye mashine za waliolisakinisha. Sisi tulibadilisha anwani kwa wakati. Agosti 2025, mwezi mmoja baada ya msiba wetu, wasimamizi wa hazina ya PyPI walitangaza kwamba sasa wanakagua vikoa vya barua pepe za watumiaji, na kwamba tangu Juni walikuwa wameshaziondolea uthibitisho anwani zaidi ya 1,800 kwa sababu vikoa vyake vilikuwa vimeingia katika hatua za kwisha muda. Hongera kwao. Hawawezi kumkagulia kila mtu kila mahali.

Kwa sababu baada ya maktaba kulikuwa na watu. Tuliwahi kuwagawia wanachama anwani za chama, 41 kwa jumla, na watoto wa mwaka wa kwanza walizipenda kwa kuwa zinaonekana za kikubwa kwenye wasifu wa kazi. Niliwapigia simu wote niliowapata. Mmoja alikuwa ameitumia kwenye akaunti ya kupigia mnada vitabu, hasara ndogo. Mwingine, msichana mwenye bidii kuliko sisi sote, alikuwa ameiweka kama anwani ya kurejesha barua pepe yake kuu, ile yenye kila kitu: benki, mikopo, picha za mtoto. Alibadilisha akiwa ndani ya matatu, mimi nikiwa kwenye simu nikimsomea hatua. Wanne sikuwapata kabisa. Sijui anwani zao zimefungua milango gani, na siwezi kulala nikajifanya najua.

Msidhani ni wanafunzi tu wanaofanya hivi. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1999 watu walishindwa kuingia Hotmail kwa sababu Microsoft walikuwa wamesahau kulipia passport.com, mwandaaji programu mmoja wa Tennessee akawalipia dola 35 siku ya Krismasi kwa kadi yake. Hiyo ilikuwa enzi ya heshima. Mwaka 2024 watafiti wa kampuni ya usalama ya watchTowr walilipa dola 20 kwa dotmobiregistry.net, kikoa kilichotelekezwa ambacho zamani kilikuwa makao ya seva ya WHOIS ya majina yote ya .mobi. Mifumo zaidi ya 135,000, mingine ya serikali na ya majeshi, ilikuwa bado inakuja kuuliza maswali pale, ikiamini jibu lolote itakalopewa. Hao ni watu wenye idara nzima za kusimamia majina. Sisi tulikuwa na mwenyekiti.

Basi maoni yangu ni haya, na najua wafanyabiashara wa majina watanitukana.

Jina la kikoa likifiwa likae eda.

Mjane wa Kiislamu hukaa miezi minne na siku kumi kabla ya kuolewa tena. Aliyepewa talaka naye ana eda yake, na ndani ya eda mume wa talaka rejea anaweza kumrejea. Bibi yangu, aliyekulia Mombasa akizungukwa na wajane wa kila aina, alikuwa akisema faida mojawapo ya eda ni kwamba mambo yote yaliyofichika hupata muda wa kujitokeza: mimba, deni, mirathi. Mfumo wa .com una rejea, zile siku 30. Hauna eda. Siku 5 za kusubiri kufutwa si eda, ni muda wa wachumba kupanga foleni. Na kama jina limeuzwa mnadani kabla ya kufutwa, basi ameolewa msibani.

Ningependa jina likifutwa likae kimya mwaka mzima. Lisisajiliwe na yeyote isipokuwa yule wa mwisho aliyekuwa nalo, kwa bei ya kawaida. Katika mwaka huo lisipokee barua wala lisifungue ukurasa, kila kitu kirudi kosa. Barua zikigonga mwamba, watu na mashine zitajua nambari hii imekufa na kuifuta kwenye madaftari yao. Mhadhiri atabonyeza kiungo, kitagoma, atakiondoa. Ile sifa ambayo mwenye kasino anaivizia itakuwa imepoa. Mwaka ukiisha, anayelitaka jina kwa ajili ya jina alichukue, na aliyetaka mizigo iliyobaki ndani atakuta nyumba tupu.

Wakenya tunapaswa kuelewa hili haraka kuliko watu wengi, kwa sababu ya laini za simu. Nani hajawahi kununua laini mpya na jioni hiyo hiyo akapigiwa na mtu anayedai hela za mwenye nambari wa zamani? Yule mama wa Kitale anapokea ujumbe wa chama cha akiba cha mwenzetu hadi leo. Angalau kampuni za simu huiacha nambari ikae kwanza bila kutumika kabla ya kuirudisha dukani. Kwenye majina ya mtandao, ambako kishikacho kimoja kinashika barua za watu arobaini, tunaruhusu sekunde moja.

Nimebishana na rafiki yangu anayefanya biashara ya majina, na ana hoja. Anasema kuna zaidi ya majina milioni 150 ya .com, majina mazuri yameshaisha, na kuyafungia mwaka mzima yale yaliyoachwa ni kuwaadhibu vijana wanaotafuta jina la biashara kwa sababu ya uzembe wa walioshindwa kulipa. Hoja ya uzembe naikubali, mimi ni shahidi wake namba moja. Hoja ya vijana inanichekesha kidogo. Ni kijana gani wa Githurai mwenye vyeti mia tano vya ICANN? Jina zuri likidondoka leo halimfikii kijana. Linamfikia mdakaji, ambaye anamuuzia kijana kwa dola 2,000. Mwaka wa kusubiri hautampunguzia kijana chochote ambacho alikuwa nacho.

Pia alisema, na hili liliuma, kwamba mwaka 2023 mimi mwenyewe nilimsajilia mteja jina lililokuwa limeachwa na duka moja la Nakuru, na kwa wiki nzima tukapokea oda za watu za mabati. Ni kweli. Tulizifuta tukicheka. Sikufikiria hata kidogo ni nani aliyekuwa akingoja mabati hayo.

ICANN hawatanisikiliza, najua. Sera zao hupikwa kwa miaka, na wanaokaa jikoni wengi ni wauzaji. Hata hivyo ile sera ya ilani ya 2013 nayo ilianza na malalamiko ya watu waliopoteza majina, kwa hiyo naandika.

Kamusi sasa iko kwenye jina la .co.ke. Limesajiliwa kwa jina la chama, si la mtu mwenye kadi. Ilani za malipo zinakwenda kwa barua pepe tatu, hakuna hata moja iliyo kwenye kikoa hicho, na kwa simu ya yule mwalimu aliyetuma sh. 2,000 kwanza. Yeye ndiye mweka hazina sasa, na hajawahi kunitania kuhusu ile emoji, jambo linaloniogopesha zaidi.

Kilichobaki ni vile viungo kumi na moja. Niliwaandikia wahadhiri na wasimamizi wa tovuti wote kuwaeleza kwamba kurasa zao zinawapeleka wanafunzi kwenye kasino, nikawapa anwani mpya. Wawili walijibu na kubadilisha siku hiyo hiyo. Mmoja wa waliobaki nilimpigia, akaniuliza kama mimi ndiye ninayeuza. Kama wewe unayesoma hapa una ukurasa wa shule, wa chuo, au blogu yako ya zamani uliyoisahau, na uliwahi kuweka kiungo cha kamusi yetu, tafadhali nenda ukakiangalie leo. Bado tisa.